William au Roger: Mnormani yupi alipanda cheo kwa akili zaidi?

William, mtawala wa Normandia (kaskazini mwa Ufaransa), na Roger, mtawala wa Sisilia aliye pia wa ukoo wa Wanormani, wote walirithi utawala wakiwa watoto, na wote walivishwa taji siku ya Krismasi: William pale Westminster mwaka 1066, Roger wa Pili mjini Palermo mwaka 1130. William, mtoto wa nje ya ndoa, aliipata Uingereza kwa upanga huko Hastings, kisha akazima maasi ya kaskazini kwa kuchoma mashamba na maghala. Roger naye hakuwa malaika: mwaka 1139 majeshi yake yalimteka Papa Innocent wa Pili, na papa huyo akalazimika kumtambua Roger kuwa mfalme. Ila ofisi zake ziliandika Kiarabu, Kigiriki na Kilatini, na alimfadhili al-Idrisi, mwanajiografia ambaye kitabu chake cha 1154 kinataja hata Malindi na Mombasa. Mimi ningehamia Palermo.