Kahoot, Plickers na Hot Potatoes mu klasi ya Bukavu: uzoefu wangu

Balimu benzangu ba luga, kama unatafuta programu ya bure ya kuuliza batoto maswali mu klasi, anza na Plickers, zingine zitakuja nyuma. Mi nafundishaka Kiingereza mu sekondari moja huku Kadutu, mu Bukavu, batoto beko bengi kwa kila banki, mwenye kuwa na androide ni mwalimu peke yake (na batri yake inaisha mbele ya saa sita), basi kila kitu yenye inaomba mwanafunzi akuwe na simu yake, kwetu haiwezekani.

Kahoot, ile ya Norwe, njo bengi banaanzaka nayo. Ni tamu, sibishi: swali inatokea kwa ekra kubwa, kila mutu anafinya jibu kwa simu yake, muziki inapiga, pointi zinapanda, batoto banapiga kelele. Lakini inaomba projekta na umeme na intaneti, byote kwa saa moja. Wenye kufundisha batu bakubwa mangaribi mu santa, hao sawa, bajaribu.

Plickers yenyewe inaomba simu moja tu, yako. Batoto beko na karatasi. Kila karatasi iko na mchoro mweusi wake na namba, pande zake ine zina A, B, C, D kwa herufi kidogo sana mupaka jirani hawezi kuchungulia. Mutoto anageuza karatasi, jibu yake inakuwa juu, ananyanyua, wewe unapitisha kamera polepole klasi yote na majina yanatokea kwa ekra yako, kijani mwenye amepata, nyekundu mwenye amekosa. Siku moja niliuliza "Yesterday I ___ him", A ni "have seen", B ni "saw", weee, klasi karibu yote ikanyanyua A, hata bale bakali ba banki ya mbele, juu Kifaransa inasema "je l'ai vu hier" na bao banafwata vilevile. Kwa mikono tu haungejua, juu mikono ni ya balebale kila siku. Na mutoto mwenye haya anajibu naye, hakuna mwenye kumucheka.

Seti ya kawaida iko na kadi 40, mbili kwa karatasi moja, kwa hiyo unachapisha karatasi 20 kwa sekretaria ya karibu, basi. Klasi ikipita hapo kuko seti ya 63. Bandika kwa kartoni lakini usitie plastiki ya kungaa, mwanga inarudi na kamera haisome kitu. Na uwaambie baache kufunika mchoro na vidole, hiyo utairudilia kila siku ya Mungu!

Siku intaneti imekataa kabisa natoa Hot Potatoes, programu ya kutengeneza mazoezi, ya Chuo Kikuu cha Victoria kule Kanada, ya bure kwa batu bote tangu 2009. Sura yake ni ya zamani, kusema kweli inachekesha, ila JCloze kwa kujaza mapengo na JCross kwa mafumbo ya maneno bado sijaona kitu ya kuyashinda. Zoezi inatoka kama ukurasa moja ya web, unaituma kwa Bluetooth, mwenye androide nyumbani kwao anaifungua bila mega hata moja. Kuitengeneza tu njo inaomba ordinatere ya Windows, mi naombaka ya prefe, mukubwa wa masomo yetu, Jumamosi.