Unataka kuunga saa ya mkono mwenyewe? Mashine zipi za kununua, kwa mpangilio

Wengi wanaoingia kwenye mchezo huu wa kuunga saa hununua kasha kwanza, kwa sababu kasha ndilo linalopendeza pichani. Kisha huanza kuhangaika kutafuta mashine (mtambo wa ndani unaoiendesha saa) itakayoingia humo, uso utakaokaa juu ya mashine hiyo, na mishale yenye matundu yanayolingana nayo. Huko ni kuanzia mkiani. Mashine ndiyo inayoamua upana wa uso, mahali vinapokaa vimiguu vya kuushikilia, unene wa kasha, hata kijiti cha ufunguo (ufunguo ni kile kifundo cha ubavuni unachokizungusha). Kwa hiyo hapa napanga mashine. Wala sizipangi kwa usahihi wa kushika majira. Nazipanga kwa swali moja tu: ukishainunua, vipuri vya bei nafuu vya kuizunguka utavipata kwa urahisi gani?

Ya kwanza: Seiko NH35

Hii haina ubishi. Inatoka kwenye kundi la Seiko, lakini huuzwa kwa kampuni yoyote inayotaka kuitia ndani ya saa zake. Ndiyo maana viwanda vidogo vya China vimejaza soko kwa makasha, nyuso na mishale iliyotengenezwa kwa vipimo vyake. Ina vito 24, yaani vijiwe vya kupunguza msuguano, hupiga mara 21,600 kwa saa, na ikishajaa huenda takriban saa 41. Hujijaza kwa mwendo wa mkono, lakini pia unaweza kuitia ufunguo. Ukiuvuta ufunguo, mshale wa sekunde husimama, ukaweza kuipatanisha na simu yako. Bei yake mara nyingi hucheza kati ya dola 35 na 45. Kiwanda kinaruhusu ichelewe hadi sekunde 20 au iwahi hadi sekunde 40 kwa siku. Aliyezoea saa ya betri atanung'unika, ila kwa kweli nyingi huenda vizuri kuliko hapo.

Vipimo vyake vikariri kabla hujafungua AliExpress au eBay: uso milimita 28.5, tundu la mshale wa saa 1.50, wa dakika 0.90, wa sekunde 0.20. Muuzaji asiyeviandika kwenye tangazo lake, mpite.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni ndugu zake. NH36 ina siku na tarehe, NH34 ina mshale wa nne wa saa 24, na NH38 haina tarehe kabisa. Ukipenda uso usio na kidirisha, chukua NH38. NH35 nayo itakwenda chini ya uso huo, lakini tarehe itakuwa ikibadilika gizani bila mtu kuiona, na ufunguo utakuwa na mkao mmoja wa bure. Si ugonjwa, ila inaudhi.

Mtego wa pili ni mahali ufunguo ulipo. Makasha mengi ya mtindo wa kupiga mbizi huuweka karibu na namba 4 badala ya namba 3. Mashine hapo inakuwa imegeuzwa kidogo ndani ya kasha, kwa hiyo vimiguu vya uso lazima vikae pengine, na sahani ya tarehe iwe imechapwa kwa mkao huo. La sivyo, tarehe itasomeka upande. Nyuso nyingi za bei rahisi huja na vimiguu vinne ili zifae kote kuwili: unakata viwili usivyovihitaji. Angalia mara mbili kabla ya kukata.

Ya pili: ST36 ya Sea-Gull

Hii hutengenezwa Tianjin, China, kwa kufuata ramani ya mashine ya Uswisi iitwayo Unitas, ambayo baadaye ilikuja kuwa ETA 6497. Ni ya kutia ufunguo tu, haina tarehe, ina vito 17, na upana wake ni milimita 36.6. Unitas ilizaliwa kwa ajili ya saa za mfukoni, na hapo ndipo ilipo faida yake: skrubu na magurudumu ni makubwa, jicho linayaona na mkono unayashika.

Kama lengo lako ni kufungua mashine yenyewe, kuitoa springi na kuirudisha, basi kwako hii ndiyo ya kwanza, na NH35 isubiri. Nimeishusha kwa sababu ya vipuri tu. Makasha yake karibu yote huvuka milimita 40, na nyuso hazina aina nyingi. Zipo sura mbili: moja huweka sekunde ndogo kwenye namba 9, nyingine kwenye namba 6. Uso wa moja hauendi kwa mwenzake.

Ya tatu: Seiko 5 mbovu ya kwa fundi

Mafundi saa wa Kariakoo au wa River Road wanazo, kwenye droo au kopo la biskuti. Nyingi zina mashine ya 7S26, iliyotoka mwaka 1996, au 7009 ya zamani zaidi. Usinunue kwa ajili ya mashine. Nunua kwa ajili ya kasha na cheni, maana cheni peke yake ukiiagiza nje inaweza kukugharimu zaidi ya saa nzima iliyokufa. Zaidi ya hayo, NH36 huingia mahali pa 7S26 ikavaa uso na mishale ile ile.

Kagua nyuzi za mfuniko wa nyuma na shimo la ufunguo. Jasho la pwani hula hapo kwanza. Na unapoongea na mzee wa kibanda, usimwambie unataka kitu cha kuchezea. Mwambie unajifunza, bei hushuka, na pengine atakupa koleo ulishike.

Zinazofuata

Miyota 8215, ya kundi la Citizen, ni ngumu na ya kuaminika, lakini tundu la mshale wake wa dakika ni kubwa kuliko la NH35, kwa hiyo mishale haiazimani. DG2813 ya China ni ya bei rahisi sana. Inunue kama ya mazoezi ya kubandika mishale, basi. PT5000 na Sellita SW200 hupiga mara 28,800 na mshale wa sekunde huteleza vizuri zaidi, ila weka pesa hiyo kwa saa yako ya pili.

Mkiani naweka mafungu ya saa mbovu yanayouzwa mtandaoni kwa pamoja. Humo utakuta HMT za India zilizopakwa rangi upya zikaitwa za asili. Hatari hasa ni saa za kabla ya miaka ya 1960 zenye rangi ya kung'aa gizani: nyingi zilipakwa radiamu, elementi inayotoa mionzi yenye madhara. Mng'ao umekufa, lakini mionzi bado ipo. Usizikwangue, wala usizifungue mezani unapolia chakula.

Kabla hujalipa

Kwenye vifaa, bisibisi za bei rahisi zinatosha kwa kuanza. Pesa ziende kwenye koleo zuri, lenzi ya kukuzia na kibandikio cha mishale. Vijiti vya ufunguo agiza vitatu, kwani huja virefu na hukatwa kidogo kidogo. Ukizidisha, hakirefuki tena.

Kuhusu nyuso: ule wenye jina la Seiko au Rolex unaouzwa dola 10 ni feki, na forodha wana haki ya kuuzuia pamoja na kifurushi chote. Agiza uso mtupu usio na jina.