Uzoefu wangu: kozi ya cheti cha kusaidia wagonjwa wa akili, Mbarara

Kwa yeyote anayefikiria kusomea kazi hii hapa Uganda, nianze na lililo moyoni: kozi imenifaa sana, lakini kilichonifaa si darasa. Ni mazoezi ya kazini chini ya msimamizi anayejua kazi. Chuo kingepunguza nusu ya vipindi nisingelalamika. Kingefuta mazoezi, ningedai ada yangu.

Mimi ni Mkongomani, naishi kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, upande unaoitwa Base Camp. Kabla ya kusoma nilikuwa VHT, wale wahudumu wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba kuulizia malaria, chanjo na waja wazito. Kazi hiyo ndiyo iliyonisukuma. Unaingia kuulizia chandarua, unamkuta mama ameketi gizani saa sita mchana, jiko halijawashwa, watoto wanalishwa na jirani. Daftari langu la VHT halikuwa na safu ya kuandika jambo kama hilo, nami sikujua nimpeleke wapi.

Chuo ni cha binafsi, kiko mjini Mbarara. Kozi ni ya mwaka mmoja, unapata cheti, si diploma. Ada ilikuwa chini ya shilingi milioni moja kwa muhula, ila usiishie hapo kwenye hesabu: kuna pesa ya mtihani, sare, fotokopi, chumba, na nauli ya taksi za Nakivale, ambazo barabara ikiharibika kwa mvua zinapandisha bei. Uwe na akiba ya muhula wa pili kabla hujaanza wa kwanza. Wenzangu kadhaa waliacha katikati, tena wazuri, kwa sababu ya pesa tu.

Darasani palikuwa na mchanganyiko. Kila kitu kilifundishwa kwa Kiingereza, na hilo nililitarajia. Sikutarajia kwamba mifano karibu yote ingetoka Ulaya: mzee katika nyumba ya kulelea wazee, afisa ustawi anayetumwa na halmashauri ya mji. Hatukusoma kesi hata moja ya mtu anayeishi kwenye makazi ya wakimbizi, ilhali makazi makubwa hivi yapo wilaya ya jirani, Isingiro. Baadhi ya walimu walikuwa wanasoma slaidi mwanzo hadi mwisho. Barua za kutupeleka kwenye mazoezi zilichelewa, na cheti chenyewe kilichelewa zaidi.

Lakini yako masomo ambayo ningeyalipia tena. La kwanza ni la haki za mgonjwa. Uganda ina Sheria ya Afya ya Akili ya 2018, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani. Mwalimu wetu alitufundisha akiwa na sheria yenyewe mkononi, akatuuliza juu ya mambo tunayoyaona kila siku: mtu amefungwa kamba nyuma ya nyumba, mtu ametibiwa bila kuulizwa, ndugu wanagawana shamba la mgonjwa angali hai. Tulibishana mpaka kengele ikalia.

La pili ni kupima huzuni nzito, ile iliyo ugonjwa (sonona), kwa dodoso la PHQ-9. Lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kujiona hufai, na kadhalika. Kila jibu linapewa alama sifuri hadi tatu, jumla haizidi 27, na kuanzia 10 unaanza kumwangalia mtu kwa makini zaidi. Swali la tisa linauliza kama mtu amefikiria kuwa heri afe, au kujidhuru. Wengi wetu tuliogopa kuliuliza, tukidhani tutamtia mtu wazo hilo kichwani. Tulifundishwa kwamba sivyo. Kuuliza kwa upole na waziwazi hakumpandikizii mtu wazo la kujiua, na mara nyingi anashusha pumzi kwa sababu hatimaye kuna aliyethubutu kuuliza. Hili peke yake ningependa kila mchungaji na kila mwenyekiti wa kijiji alijue.

Tatu, tulisoma utafiti uliochapishwa 2003, uliofanyika hapa Uganda katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai. Watu wenye huzuni nzito walikutana kwa makundi kila wiki, kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji ambao hawakuwa madaktari, waliopewa mafunzo mafupi. Huzuni ilipungua sana kuliko katika vijiji ambavyo havikupata makundi. Niliposoma hilo nilijiona nina haki ya kuwa darasani. Nchi hii ina madaktari bingwa wa akili wachache, na wengi wao wako Kampala. Kazi hii isipofanywa na watu kama sisi, huku Nakivale, kwenye kanda kama Juru au Rubondo, haifanywi na mtu.

Sasa mazoezi. Mimi niliomba kurudi Nakivale, kwenye kituo cha afya, na nikabahatika kupewa msimamizi ambaye ni afisa tabibu wa magonjwa ya akili. Siku ya kliniki ya akili wagonjwa wengi waliokuwa wakija ni wa kifafa, jambo linalowashangaza wanafunzi wapya. Kazi yetu ilikuwa kueleza, kueleza, na kueleza tena kwamba dawa ya kifafa haikatizwi ghafla hata kama mtu hajaanguka kwa miezi. Tulijifunza pia kutambua madhara ya dawa. Kijana mmoja aliyeanzishiwa haloperidol, dawa ya ugonjwa wa akili, aliletwa shingo imejipinda na taya limekaza, na ndugu zake walikuwa wameshamwita mtu wa maombi. Musawo, ndivyo tulivyomwita msimamizi wetu, yaani tabibu, alimpa dawa ya kulegeza misuli, shingo ikarudi. Mhudumu msaidizi habadilishi dozi, hapaswi hata kujaribu. Wajibu wake ni kujua kwamba shingo ile ni ya kuletwa kliniki leo, si kesho.

Halafu kundi. Mimi na mwenzangu tuliongoza kundi la wanawake kwa njia ileile ya Masaka. Tiba hii haianzi na dawa, wala haichimbui utoto wa mtu. Inauliza huzuni ilianza wakati gani na kitu gani kilikuwa kinatokea kati yako na watu wako. Sababu zinapangwa katika mafungu manne: kufiwa, ugomvi na mtu wa karibu, maisha kubadilika, na upweke. Darasani mafungu hayo yalikuwa vichwa vya habari tu. Kwenye kundi, mama mmoja aliyekuwa na duka la nafaka Bukavu alisema kinachommaliza si njaa. "Dada, mimi nilikuwa napimia watu. Leo napimiwa."

Hakuna kitabu nilichopewa chuoni kilichoeleza kubadilika kwa maisha vizuri kuliko maneno hayo. Na ujue kwamba tangu 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoanza kugawa posho kwa viwango vya uhitaji, wako walioondolewa kabisa kwenye orodha. Kundi haliwezi kurudisha posho. Liliweza kumsaidia huyu mama kutafuta ni wapi bado anaweza kupimia, na wenzake ndio waliompa wazo la kusimamia daftari la akiba la kikundi chao. Sisi viongozi tulikuwa tumenyamaza.

Kufiwa ndiko kulikochukua muda mrefu zaidi. Wengi walikuwa wamewapoteza watu wao njiani au kule nyuma, bila kuzika. Hawakukaa matanga. Bibi mmoja ndiye aliyesema, "Basi tuwalilie hapahapa." Tukapanga siku, kila mtu akaleta alichonacho, sukari, majani ya chai, kuni. Wakataja majina, wakaimba, wakalia bila kuharakishwa. Wiki zilizofuata, wale waliokuwa wakisema hawalali wakaanza kutuambia habari nyingine: mahindi, watoto, shule. Nililileta jambo hili kwa musawo nikihofia tumetoka nje ya mwongozo. Akasema tuko ndani kabisa, kwa sababu kuomboleza ndiko mwongozo unakotaka ufike.

Hapo ndipo ninapotaka kusisitiza juu ya usimamizi. Kila Ijumaa jioni tulikaa naye. Hakuwa anaanza na "ulimshauri nini?" Alianza na "mama alisema nini, kwa maneno yake mwenyewe?" Usipokumbuka maneno yake, alijua hukusikiliza, na wewe mwenyewe ulijua. Halafu mwishoni alimuuliza kila mmoja wetu: "Na wewe wiki hii umelala vipi?" Kwa mkimbizi anayewasikiliza wakimbizi, swali hilo ni la lazima. Kuna hadithi nilizozisikia mle ambazo ni zangu pia. Bila ile Ijumaa nisingemaliza.

Kuhusu ajira niseme ukweli. Kazi zipo zaidi kwenye mashirika, kwa mikataba ya mradi, na mradi ukiisha kazi imeisha. Marekani iliposimamisha misaada yake mwanzoni mwa 2025, miradi mingi ya wakimbizi ilifungwa au ikapunguza watu, na waliosoma vyeti kama changu walikuwa wa kwanza kuguswa. Mimi napata kazi za muda, na kundi naendelea nalo bila malipo. Ukitaka ajira ya serikali au kuandika dawa, cheti hiki si njia yako. Tafuta diploma ya afisa tabibu wa magonjwa ya akili, kama ile inayofundishwa Butabika, Kampala, na ujiandae kwa masharti ya masomo ya sayansi.

Kwa chuo chochote utakachokiendea, kabla ya kulipa hata shilingi, omba kuona leseni yake ya Wizara ya Elimu na jina la bodi itakayosahihisha mtihani wenu. Kisha uliza mazoezi yanafanyikia wapi, na uone barua ya makubaliano na kituo hicho. Uliza nani atakusimamia, kwa cheo chake, na mara ngapi kwa wiki. Wakikujibu kwamba "mtapangiwa baadaye", mtafute mwanafunzi aliyemaliza mwaka jana, umuulize alipangiwa lini na alimwona msimamizi wake mara ngapi. Chuo changu kwenye hilo la usimamizi kilikuwa sawa, ndiyo maana nakipendekeza pamoja na slaidi zake.