Presha kuka ya umeme: miezi minane, mita moja na mama mkwe

Nianze na bei, maana ndilo swali ninaloulizwa kabla hata ya salamu kwisha. Shilingi 145,000, Julai 2025, duka la vyombo jirani na Makoroboi, hapa Mwanza. Muuzaji alianzia 180,000, nikaondoka mara mbili kama mtu aliyeghairi, mara ya pili akaniita. Lita 6, wati 1,000. Chapa sitaitaja, wala duka, kwa sababu malalamiko yapo na nitayafikia.

Tunakaa Nyasaka, wapangaji, familia tatu ndani ya ua mmoja. Mama watoto ni nesi, wiki mchana wiki usiku. Watoto wawili, wa kiume ana miaka 16, wa kike yuko kidato cha pili. Kabla ya jiko hili jioni ilikwenda hivi: binti anafika, anavua sare, anakoka mkaa, anainjika maharage, anakaa kupepea. Kaka yake yuko kibanda umiza anatazama mpira. Mimi niko kwenye kochi na simu, nabishana na watu nisiowajua kuhusu haki za wanawake. Siku moja mke wangu akapita na ndoo ya maji, akasema bila kusimama, "Baba, hizo haki zako zinaishia wapi, sebuleni?" Nilinunua jiko mshahara ulipoingia.

Kazi ya jiko sasa. Maharage ya soya ya njano, nusu kilo, sikuyaloweka, yaliiva dakika 45 tangu nibonyeze kitufe mpaka mvuke unaisha. Kabla sijabonyeza nilienda kupiga picha mita, baadaye nikapiga tena: uniti 0.4. Kwa bei tunayokatwa sisi, karibu shilingi 356 kwa uniti na kodi ndani yake, hiyo haifiki 150. Mkaa wa kuivisha maharage hayohayo ulikuwa kopo mbili, elfu mbili. Gunia la mwisho tulilonunua lilikuwa elfu sabini, na lilichukua mwezi na siku kadhaa. Nilidhani Daraja la Kigongo–Busisi likifunguliwa (lilifunguliwa 19 Juni 2025, urefu wa kilomita 3 kukatiza Ziwa Victoria, hakuna tena foleni ya kivuko) mkaa wa ng'ambo ya ziwa ungeshuka bei hapa mjini. Kwa muuzaji wetu haukushuka hata mia.

Makande ni hapo jiko lilipomaliza ubishi. Mahindi yaliyokobolewa na maharage, saa moja na robo, laini kama umeyaacha motoni tangu asubuhi. Kongoro vilevile. Wali unashika chini kidogo, ila watoto wanagombania ukoko, kwa hiyo sihesabu kosa. Sato usimtie, utakula mchuzi wenye miiba. Dagaa ndiyo kabisa, kaanga kwenye kikaango uendelee na maisha.

Ugali usongwe wapi? Nimejaribu. Unaacha mfuniko wazi, maji yanachemka vizuri, unga unaingia vizuri, halafu unapokita mwiko sufuria ya ndani inazunguka pamoja nao. Nilimwita kijana ashike ukingo na kitambaa, mimi nikasonga, jiko lenyewe likaanza kutembea juu ya meza. Tuliishia kucheka, na ugali ule ulikuwa na mabuja mpaka paka wa jirani aliuangalia akaondoka. Kwa Msukuma hiyo si kasoro ndogo. Kwa hiyo gesi ipo pembeni, mtungi wa kilo 6, kwa ajili ya ugali na chai.

Vitufe vimeandikwa Kichina, na kijitabu chake ni Kichina na Kiingereza cha mashaka. Nchi ya watu zaidi ya milioni 60 wanaoongea Kiswahili, na hakuna aliyeona haja ya kuchapa ukurasa mmoja. Binti alikata plasta vipande, akaandika kwa kalamu MAHARAGE, NYAMA, WALI, ZIMA, akabandika. Tangu hapo kijana hana kisingizio cha kwamba hajui kusoma vitufe. Jumatano na Jumamosi ni zamu yake. Jumapili na Jumatatu ni zangu.

Jirani yangu, baba wa nyumba ya nyuma, aliponiona nakatakata vitunguu barazani alitangaza kwa sauti kwamba nimelishwa limbwata. Nikamjibu kama limbwata lenyewe lina ladha ya maharage haya basi niongezewe. Utani, lakini nimeishi nao miezi minane na najua una meno. Mtu huyohuyo husimama kwenye mkutano wa mtaa kudai kila mwananchi asikilizwe, kisha anarudi nyumbani na mkewe hawezi kununua hata kitenge bila ruhusa. Simchongei, anajua ninavyofikiri. Tumebishana mpaka usiku.

Siasa haikwepeki, kwa sababu jiko hili ni siasa. Mei 2024 Rais Samia alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa ifikapo 2034. Naunga mkono. Nimeona kikohozi cha mama yangu, aliyepika kwa kuni maisha yake yote. Lakini msimu wa kampeni mtaani kwetu nishati safi ilifika ikiwa mitungi ya gesi yenye picha ya mtu, ikagawiwa kwa majina yaliyoandikwa na balozi wa nyumba kumi, na majina mengine hayakuonekana. Waliopata walipiga picha. Gesi ya kwanza ilipoisha mitungi mingi ikageuka stuli, maana kujaza ni zaidi ya elfu ishirini kwa mkupuo mmoja, wakati mkaa unanunua wa elfu moja leo na kesho ukaona Mungu atakupa nini.

Na umeme? Bwawa la Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, nalifurahia kama mtu mwingine. Ila njoo uone mita yetu. Kuna bei nafuu ya shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi, kwa nyumba isiyovuka uniti 75 kwa mwezi. Sisi ni familia tatu kwenye mita moja. Hakuna hata moja inayofikisha 75 peke yake, lakini tukijumlishwa tunavuka, basi tunalipa kama tajiri mmoja mwenye friji tano. Juu yake, kila mwezi luku, yaani mita ya kulipia umeme kabla, inakata 1,500 ya kodi ya majengo. Majengo ya nani? Mwenye nyumba yuko zake, na nilipomgusia aliniambia kama sipendi nihame. Hilo kwangu ni suala la haki kuliko hotuba kumi za jukwaani, na mbunge atakayelisema nitampa kura yangu bila mtungi.

Umeme ukikatika katikati ya mapishi presha inabaki kwa muda, maharage yanaendelea kuiva kwa joto lake. Ukirudi, jiko haliendelei lilipoishia, linakuwa kama jipya, ubonyeze tena. Usipokuwepo utakuta chakula nusu. Limenifanyia hivyo mara nne.

Siku za uchaguzi mkuu, tangu 29 Oktoba 2025 intaneti ilipozimwa, tulikaa ndani. Sikuthubutu kwenda hata kwa wakala kununua umeme, na mita ilikuwa na uniti 9. Tulizima friji, tukabakiza taa moja na jiko. Uniti tisa zilitupikia siku zote zile. Watoto waliuliza maswali ambayo sikuwa na majibu yake, nikawaambia hivyo, sina majibu. Sikutaka kuwadanganya na sikutaka kuwanyamazisha.

Malalamiko niliyoahidi. Mwezi wa tano tangu nilinunue, kioo cha namba kilizima. Jiko linapika, ila huoni dakika. Nikarudi dukani na kadi ya dhamana ya mwaka mmoja, ina muhuri na sahihi. Kijana wa kaunta akasema dhamana haihusu "umeme kupanda na kushuka". Nikamuuliza Mwanza nzima umeme usiopanda na kushuka unauzwa wapi. Akanipa soda. Mpira wa mfuniko nao umeanza kulegea na dukani hawana, fundi mmoja pale Mabatini alinipatia wa kuokoteza kwa 8,000. Kwa hayo natoa saba kwa kumi. Lingekuwa tisa.

Desemba mama mkwe alikuja kutoka Magu kwa ajili ya kliniki. Wanaojua mila zetu wanajua mkwe hatuonani ovyo: yeye alikaa chumba cha binti, mlango umerudishwa, nami napita na njia ya nje. Mke wangu alikuwa zamu ya usiku. Nikapika makande, binti akapeleka. Kupitia mlango nikasikia kijiko, kisha kimya, kisha sauti: "Nani kapika?"

"Baba."

Kimya kirefu. Nikasimama pale ukumbini na taulo la vyombo begani, najiona nimevunja miiko ya ukoo mzima. Kisha binti akatoka na sahani, imefutika kama imeoshwa.

"Bibi anasema umwongeze. Na anauliza hilo jiko ni shilingi ngapi, na kama lipo jekundu."