Ushauri wa upasuaji wa matiti Mbeya: tathmini ya kliniki moja na maswali ya kujibu kabla ya kisu

Kliniki ninayoitathmini ni ya binafsi na iko jijini Mbeya, upande wa Kabwe. Huduma yenyewe si upasuaji bali ni ushauri unaoutangulia: daktari bingwa wa upasuaji rekebishi huja kutoka Dar es Salaam kwa siku chache, huwaona wanawake wanaotaka kupunguza, kuinua au kuongeza matiti, na wale wanaoafikiana naye hufuata upasuaji huko huko Dar es Salaam. Mimi nilitaka kupunguza, kwa sababu maumivu ya shingo na mabega yamenisumbua tangu usichana wangu. Mdogo wangu, ambaye amenyonyesha watoto wawili, alitaka kuongeza. Daktari alitupa muda na ukweli ambao mtu anauhitaji ili aamue mwenyewe, lakini ofisi ya kliniki hiyo hiyo inamharakisha mgonjwa kwa namna isiyokubalika.

Kasoro ya kwanza huonekana mapokezini. Karani alituuliza kwa sauti, mbele ya watu waliojaa kwenye mabenchi, "Nyie ndio wa matiti?" Kuna mwanamke aliyekusanya ujasiri kwa miaka mingi ambaye, akiulizwa hivyo, atageuka na kurudi kwake Uyole au Tukuyu asionekane tena. Namba ya foleni ingetosha.

Chumba cha daktari ni habari nyingine kabisa. Muuguzi wa kike alikuwepo muda wote, pazia lilifungwa, na swali la kwanza halikuhusu maumbile: "Dada, anayetaka upasuaji huu ni wewe, au kuna mtu mwingine anayetaka?" Mimi nilijibu mara moja. Mdogo wangu alinyamaza, kisha akasema kwamba mume wake hutoa maneno. Daktari hakumkemea wala hakumsema shemeji. Alimwuliza tu kama angelitaka jambo hilo iwapo maneno hayo yasingetamkwa kamwe, akamwachia nafasi ya kufikiri.

Uchunguzi wangu ulikuwa wa makini. Alitazama mifereji iliyochimbwa mabegani na mikanda ya sidiria, akaangalia upele unaonitokea chini ya matiti wakati wa joto, akapima kwa futi kamba kutoka chini ya koo hadi kwenye chuchu, kila upande peke yake. Aliuliza kuhusu uzito, kisukari, shinikizo la damu, sigara, na kama kuna saratani ya matiti katika ukoo. Kisha akaomba kuona kovu la chanjo ya kifua kikuu begani na matundu ya hereni masikioni. Sababu yake ni ya msingi: sisi wenye ngozi nyeusi tuna uwezekano mkubwa zaidi wa kuota keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua kupita kidonda chenyewe, na upasuaji wa kupunguza matiti mara nyingi huacha kovu linaloizunguka chuchu, linashuka wima, halafu linafuata mkunjo wa chini. Mtu ambaye tundu la hereni lilimwotea uvimbe anapaswa kulijua hilo mapema. Ndiyo maana nilisikitika kwamba albamu ya picha za makovu ilikuwa ya wagonjwa weupe pekee. Picha hizo hazimsaidii mwanamke wa Rungwe kujua kifua chake kitakavyokuwa.

Aliyataja pia yale ambayo wauzaji huyaficha. Upasuaji hufanyika chini ya nusu kaputi, na huchukua saa kadhaa. Chuchu zinaweza kufa ganzi, kwa muda au moja kwa moja. Uwezo wa kunyonyesha unaweza kupungua, kwa hiyo anayetarajia kuzaa bado hushauriwa asubiri, tena ujauzito wenyewe hubadilisha umbo la matiti. Kwa takriban wiki sita hutakiwi kunyanyua vitu vizito, na kwa maisha yetu hilo lina maana ya ndoo ya maji, jembe, gunia la viazi na mtoto wa mgongoni. Asiye na mtu wa kumpokea kazi hizo hajawa tayari, hata kama fedha anazo.

Kwa mdogo wangu alifafanua jambo ambalo wengi hawalijui: tatizo lake ni kulegea, si udogo, na vipandikizi, yaani mifuko inayowekwa ndani ya titi ili kuliongeza, peke yake haviinui titi lililolegea. Alimkabidhi mfuko mmoja wa silikoni aushike. Ni laini, mzito kuliko unavyoonekana, na mdogo wangu aliugeuzageuza mkononi kwa muda mrefu bila kusema neno. Vipandikizi vya aina hiyo viliwekwa kwa mara ya kwanza mwaka 1962 huko Houston, Marekani, lakini hadi leo havitengenezwi vidumu maisha yote. Vinaweza kupasuka kimyakimya au kubanwa na kovu gumu linalojijenga kuvizunguka. Mamlaka ya dawa ya Marekani inashauri mwenye vipandikizi vya silikoni apigwe picha ya MRI au ya mawimbi ya sauti miaka mitano hadi sita baada ya kuwekewa, kisha kila baada ya miaka miwili au mitatu. Mwaka 2010 iligundulika kwamba kampuni ya PIP ya Ufaransa ilikuwa ikitumia silikoni ya viwandani, na mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliviondoa sokoni duniani kote vipandikizi vyake vya Biocell vyenye ngozi ya kukwaruza, kwa kuhusishwa na saratani adimu ya limfu. Anayeamua kuongeza, basi, adai kadi yenye jina la mtengenezaji na namba ya kipandikizi, na aweke akiba kwa ajili ya vipimo na upasuaji mwingine utakaofuata.

Umbali nao ni sehemu ya uamuzi. Safari ya basi kutoka Dar es Salaam, pamoja na kona za Kitonga, humaliza siku nzima, na kukaa muda mrefu bila kujongea mara tu baada ya upasuaji huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Daktari alitaka nibaki Dar es Salaam hadi vidonda vikaguliwe, na alieleza bila kuulizwa nani atanihudumia nikipata homa au usaha nikiwa nimerudi Mbeya. Aliniambia pia nihakiki usajili wake katika Baraza la Madaktari Tanganyika. Mtaalamu anayekuambia umhakiki anastahili heshima.

Alihitimisha kwa kututaka twende nyumbani tukafikiri. Tulipofika dirisha la malipo, karani alitaka malipo ya awali siku hiyo hiyo "ili nafasi isichukuliwe", akataja bei tofauti na ile tuliyotajiwa na muuguzi, na hakuwa na mchanganuo wowote wa maandishi. Hapa ndipo kliniki inapoharibu kazi ya daktari wake. Uamuzi wa namna hii haufanywi dirishani, na bei isiyosema kama imejumuisha nusu kaputi, kitanda, uchunguzi wa nyama iliyotolewa na marudio ya kliniki haiwezi kupangiwa bajeti.

Hatukulipa. Mdogo wangu ameahirisha, na kwa maelezo aliyoyapata sidhani kama atarudi kuuliza habari za vipandikizi. Mimi nimeamua kupunguza, nami nimeiandikia kliniki nikiomba mchanganuo wa gharama wenye sahihi na mhuri. Wakinipa, nitafanyiwa likizo ya Desemba, na mdogo wangu ndiye atakayekuja kunichotea maji.