Geji ya vakyumu kwenye Hilux ya kabureta: inasaidia mafuta au ni urembo wa dashibodi?

Haya wadau, karibuni. Leo mkononi nina hii hapa, geji ya vakyumu, yaani inayopima mvuto wa hewa ndani ya injini. Sogeza kamera kidogo... ndiyo, hapo hapo. Sindano moja, namba kutoka 0 mpaka 30 (inchi za zebaki), basi. Nimeileta kwa sababu swali lenu kubwa ni lile lile: "Fundi, nina Hilux ya zamani, foo-wili, injini ya 22R, kabureta, inakunywa mafuta balaa, nifunge nini?"

Wengine mmeshauziwa sumaku za kubana kwenye mpira wa petroli, wengine vifeni vya kuzungusha hewa. EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, imepitia vifaa zaidi ya 100 vya namna hiyo, na haijaona hata kimoja kilichopunguza mafuta kwa kiasi cha maana. Na tuelewane mapema: 22R ni lita 2.4, na hilo ni gari zito lenye difu mbili. Likikupa kilomita 8 kwa lita, shukuru. Anayekuahidi 15 anakuuzia maneno.

Geji hii haipunguzi mafuta yenyewe. Anayepunguza ni fundi, akishaona sindano inasema nini.

Tuifunge. Inataka mvuto wa manifodi, ile njia ya kuingizia hewa kwenye injini, yaani tundu lililo chini ya kipepeo cha kabureta, kile kibati kinachofungua na kuziba hewa. Msichukue kwenye mpira mwembamba unaokwenda kwenye distribyuta, ile inayogawa umeme wa cheche kwenye plagi, maana kwenye injini nyingi ule unaanzia juu ya kipepeo. Gari likiwa sailensa, yaani injini inawaka bila kukanyaga mafuta, utasoma sifuri na kudhani geji mbovu. Na msikate mpira mnene wa buusta ya breki (kile kinachosaidia mguu wako kukanyaga) mkaunga kwa kile kiungo cha plastiki kilichokuja kwenye boksi. Kikipasuka kwa joto, breki inakuwa ngumu kama jiwe, na uko mteremkoni. Mimi hicho cha plastiki nimekiweka pembeni, nimetumia cha shaba.

Washeni, iacheni ipate moto vizuri. Vitabu vinasema injini nzima isome kati ya 17 na 21 kwenye sailensa. Sasa hapa ndipo watu wa nyanda za juu wanapochanganywa: namba hizo ni za usawa wa bahari. Kila ukipanda kama mita 300, toa 1. Mbeya tuko kama mita 1,700, kwa hiyo 12 mpaka 15 hapa ni injini yenye afya, na fundi akikwambia "inasoma 14, hii ni ya kufungua" mwulize kwanza kama anajua yuko mji gani.

Mwinuko huo huo unakula mafuta kwa njia nyingine. Hewa huku ni nyepesi, lakini tundu la jeti, kile kitundu kinachopitisha petroli ndani ya kabureta, ni lile lile. Gari lililosetiwa Dar likipanda huku linakuwa linapewa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Chomoa plagi utaona: masizi meusi makavu, kama ya chungu. Skrubu ya sailensa utaishusha, sawa, lakini hiyo inashughulikia sailensa tu. Ukiwa barabarani kazi inafanywa na jeti kuu, na hiyo dawa yake ni kuweka ndogo hatua moja, kisha unasoma plagi tena. Usipitilize, maana mchanganyiko mkavu, wenye petroli kidogo kuliko inavyotakiwa, unachoma valvu.

Tazameni sindano sasa. Imetulia, lakini iko 11. Ikitulia hivi chini kidogo, washukiwa ni wawili: taimingi (wakati cheche inapopigwa) imechelewa, au kuna mahali panavuta hewa. Nanyunyizia maji ya sabuni kwenye gasketi ya chini ya kabureta... hakuna mabadiliko. Basi nalegeza distribyuta, nazungusha kidogo sana. Mnaona? 12... 13... 14. Hapo narudisha nyuma kidogo, kwa sababu ukiiacha kwenye kilele injini itagonga, yaani italia kokoko, ikianza kupanda mlima na mzigo. Halafu malizia kwa taa ya taimingi kulingana na bamba lililo chini ya boneti. Sindano ingekuwa inadondoka kwa mpigo ule ule, tungekuwa tunaongelea valvu, na hiyo si kazi ya asubuhi moja.

Kitu ambacho karibu kila Hilux ya umri huu imeharibika na hakuna anayekiangalia: ile sahani ya mvuto pembeni ya distribyuta, inayowahisha cheche ukiwa barabarani. Chomoa mpira wake, vuta hewa kwa mdomo, ziba kwa ulimi. Ikishikilia, nzima. Hewa ikipita, ngozi ya ndani imepasuka, na ukitembea mwendo wa kawaida barabarani cheche inachelewa kila dakika. Mafuta yanaishia hapo, na gari bado linavuta, kwa hiyo mwenyewe hashtuki.

Barabarani nafurahia geji zaidi. Kupanda Uyole kwenda Isyonje, sindano inashuka kadiri unavyokanyaga. Ikikaribia 5, kabureta inafungua njia ya ziada ya petroli. Punguza mguu kidogo au shusha gia; mwendo unabaki karibu ule ule na sindano inapanda.

Kasoro zake: taa yake ni hafifu, usiku huoni kitu. Sindano ilikuwa inatetemeka, nikaweka kizuizi chenye tundu dogo kwenye mpira wake ndipo ikatulia. Bei yake lakini ni chini ya nusu tenki, kwa hiyo silalamiki sana.

Kabla hamjapima kama mafuta yamepungua, shukeni mtazame rimu za mbele. Kile kizungusho cha katikati kiwe FREE. Kikibaki LOCK, unazungusha ekseli ya mbele bure hata kama gia ya foo-wili haijaingia. Pimeni kwa kujaza tenki, kutembea, kujaza tena pampu ile ile. Na aliyetoa 225/75R15 akavaa tairi za inchi 31, spidomita yake inahesabu pungufu kwa karibu asilimia 9. Ongeza hizo kilomita kwanza ndipo ulalamike.

Wenye Hilux ya dizeli, hii msinunue. Dizeli nyingi hazina kipepeo cha kuziba hewa, hakuna mvuto wa kupima, sindano italala tu. Ninyi tuanzie kwenye nozeli, na hiyo video nairekodi wiki ijayo.