Ngazi hamsini na nne: nilivyolala hoteli ya Dodoma na mama yangu

Mama yangu ana miaka 71 na magoti yake yamechoka. Kila baada ya miezi mitatu namleta Dodoma kutoka Kondoa kwa ajili ya kliniki ya moyo Hospitali ya Benjamin Mkapa. Foleni inaanza mapema, kwa hiyo tunalala mjini usiku wa kuamkia kliniki na usiku unaofuata, ndipo turudi. Kwa kawaida tunafikia kwa ndugu yetu Nkuhungu, lakini Juni alikuwa na msiba, nyumba imejaa watu. Nikatafuta hoteli.

Jina la hoteli sitalitaja.

Juni si mwezi wa kuja Dodoma ukabahatisha chumba. Bunge la bajeti linakuwa limekaa tangu Aprili, bajeti yenyewe inasomwa katikati ya Juni, na kila mwenye shughuli na wizara anataka kulala karibu. Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa kasi mwaka 2016 vyumba vilikuwa vya kuhesabu. Sasa kila mtaa una jengo la ghorofa lenye kibao cha hoteli, treni ya SGR inashusha watu kila siku tangu 2024, na bado mwezi huo utaambiwa pamejaa. Ndiyo maana nilipiga simu wiki mbili kabla. Nikauliza mambo matatu: chumba cha chini kipo? Maji ya moto yapo? Chai mnatoa kabla ya saa kumi na mbili asubuhi? Yote nikajibiwa, "Ndiyo dada, usijali." Bei 70,000 kwa usiku. Nikatuma 70,000 ya kushikia chumba kwa siku mbili, na kwenye ujumbe wa simu nikaandika kabisa: chumba cha chini, mgonjwa, hawezi ngazi. Wakajibu, "Sawa."

Tulifika saa moja jioni. Upepo wa Dodoma wa mwezi huo unajulikana, unapenya kitenge mpaka mifupani. Mama nikamkalisha kwenye kochi, nikajaza kitabu cha wageni, jina, kabila, unakotoka, unakokwenda, na dada wa mapokezi akanipa funguo bila kunitazama usoni. Chumba 309. Nikamwambia mimi nilishika chumba cha chini. Akasema vya chini wamepewa watu wa semina.

"Basi lifti iko wapi?"

Akanionyesha kwa kidole. Mlangoni mwa lifti palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: INATENGENEZWA. Nilisogea karibu. Gundi ya karatasi ile ilishageuka rangi ya chai, pembe zimejikunja, na mtu aliwahi kuandika namba ya simu pembeni kwa peni. Karatasi ile haikubandikwa wiki ile wala mwezi ule. Siku ninapiga simu ilikuwepo, na aliyeniambia usijali alikuwa akiitazama.

Tukapanda. Mama alishika ukuta kwa mkono mmoja na bega langu kwa mkono wa pili. Nilihesabu ngazi kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya: hamsini na nne. Kila kona alisimama, akavuta pumzi, akasema, "Tumefika?" Kijana mmoja wa hoteli alitubebea begi na kopo la dawa, na alipoona mama anahema alikwenda kutafuta kiti akakiweka ghorofa ya pili ili apumzike. Hakutumwa na mtu. Namtaja kwa sababu lawama zangu hazimhusu.

Chumba kwa macho kilikuwa kizuri. Shuka nyeupe, taulo limekunjwa kama bata juu ya kitanda. Nikafungua bomba, likakohoa mara mbili, likanyamaza. Nikawasha hita, taa yake nyekundu haikuwaka. Nikashuka. "Tunawaletea ndoo, nusu saa." Ndoo ilifika saa tatu na nusu usiku, imebebwa na kijana yuleyule, moja, maji ya baridi, na ilikuwa ya kuogea watu wawili, kupiga mswaki na kumwagia choo. Mama alijipangusa kwa kitambaa, akavaa sweta mbili, akaniambia niache kulalamika, tumelala tu, keshokutwa tunaondoka. Watu wa umri wake ndivyo walivyo. Wakionewa wanakuonea huruma wewe unayewatetea.

Sasa, sina ugomvi na ukame wa Dodoma. Mvua ya huku ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kisha vumbi. Sensa ya 2012 ilikuta watu kama 410,000, ya 2022 ikakuta zaidi ya 765,000, na visima vya Mzakwe ndivyo vilivyoubeba mji huu miaka yote. Mgao unajulikana, kila mkazi ana ratiba yake ya ndoo na madumu. Ila anayejenga ghorofa tatu Dodoma anajua kwamba maji ya mtaani hayapandi huko yenyewe. Yanataka tanki la chini la kuhifadhia siku yanapotoka, pampu ya kuyasukuma kwenye simtanki la juu, na jenereta la kuiendesha pampu umeme ukikatika. Kimoja kikikosekana, wa ghorofa ya tatu ndiye wa kwanza kukauka. Hilo si janga, ni hesabu ya mwenye nyumba, na kama hajaimaliza basi amwambie mgeni kabla hajatuma hela yake.

Chai ya asubuhi hatukuipata. Jiko lilikuwa limefungwa saa kumi na moja na nusu tulipotoka. Mama alimeza dawa na maji ya chupa niliyonunua stendi, tukapanda bajaji.

Tuliporudi saa nane mchana tulikuta baba mmoja wa makamo anagonga kaunta kwa kiganja, anamfokea yule dada wa mapokezi. Yeye alilipia siku nne na amekuta begi lake limetolewa nje, limewekwa stoo. Alikuwa na haki kabisa, lakini maneno aliyomwambia yule binti siwezi kuyaandika. Alipoondoka binti akafuta machozi na ukingo wa kiganja. Nikamuuliza taratibu, hapa anayeweza kurudisha hela ya mtu ni nani? Akanong'ona kwamba yeye hana uwezo wa kurudisha hata shilingi mia. Wameagizwa wapokee kila anayepiga simu na kumwambia usijali, halafu kikija kikundi kinacholipa kwa pamoja vyumba vinahamishiwa kwao. Kesi zikija, zinaishia kwake. Bosi hakai pale.

Tangu hapo naona wageni wengi tunampiga asiyehusika. Tunamaliza hasira kwa mtoto wa watu anayelipwa mshahara mdogo, tunaondoka tumetua mzigo, na aliyepanga mambo hayo hajasikia hata neno. Wengine hawasemi kabisa pale, wanakwenda kuandika kwenye simu neno moja, "hovyo". Hovyo nini? Lifti? Maji? Kauli? Anayefuata hatapata la kumsaidia, na mwenye hoteli hana cha kujibu. Wapo pia wanaotunga malalamiko ili wapunguziwe bei, nao wanatuharibia sisi wenye shida ya kweli.

Mimi nauza mafuta ya alizeti Kondoa. Mteja akinirudishia dumu lina mashapo, namuuliza amenunua lini, naangalia, nambadilishia. Simwulizi kama yeye ni mgeni wa alizeti. Kwa hiyo niliomba namba ya meneja, nikapiga nikiwa palepale kaunta, na nikamtumia ujumbe wangu wa wiki mbili nyuma, ule wenye maneno "hawezi ngazi" na jibu lao la "sawa", pamoja na picha ya karatasi ya lifti na bomba kavu. Akaanza kwa kusema, "Dada, Dodoma nzima haina maji, wewe mgeni?" Nikamwambia silalamikii mvua. Nalalamikia majibu matatu niliyopewa, yote si kweli, na mengine mlijua si kweli siku mnayatoa. Nikataja ninachotaka: usiku wa pili tunaondoka, nirudishiwe hela yake, na usiku mmoja niliolala nipewe risiti ya mashine, si ile ya kuandikwa kwa mkono.

Kwenye risiti ndipo sauti yake ilipobadilika. Alikata simu, akapiga baada ya dakika kumi. Nilikuwa nimemalizia malipo jana yake, jumla 140,000. Nikarudishiwa 70,000 kwa simu, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ya usiku mmoja ikatolewa. Samahani sikuisikia kwake. Niliisikia kwa yule binti, ambaye hakunikosea.

Jioni ile tulihamia gesti moja Makole, nyumba ya chini tu, 35,000. Mama mwenye nyumba alitupokea mlangoni, akamwamkia mama shikamoo akiwa amepiga goti kidogo, na kabla sijatoa hela akaniambia, "Mwanangu, bomba langu linatoka usiku wa manane tu. Bafuni kuna ndoo nne na pipa. Maji ya moto nachemsha mwenyewe saa kumi alfajiri, nikugongee?" Feni ilikuwa ina kelele, kioo kimepasuka kona, mlango wa kabati haufungi. Alfajiri akagonga saa kumi kasoro, ndoo inafuka mvuke, na kikombe cha uji wa ulezi juu ya sahani kwa ajili ya mgonjwa, ambao hakuuandika kwenye bili. Mama alioga mpaka nikamgongea.

Kliniki ijayo ni Septemba. Juzi nimepiga simu Makole kushika chumba. Aliyepokea aliuliza kwanza, "Magoti ya bibi yanaendeleaje?" Kisha akasema nisitume hela ya kushikia, jina keshaandika.